Indiketa Zilizogoma Asubuhi

Mkono wa kulia wa mume wangu Kibwana haukunyanyuka tena tangu alipoanguka mnazini. Madereva wa siku zile walitoa mkono dirishani kuonyesha wanakokata kona, yeye hakuweza. Mkaguzi wa magari akampa sharti: indiketa ziwake, au leseni airudishe. Pikapu yetu kuukuu ilibeba mihogo na machungwa ya kijijini kwetu Kibuta, na ndiyo iliyotulisha. Ukaguzi uliwekwa Jumatano, saa mbili asubuhi, Kisarawe.

Na indiketa ziligoma. Kila asubuhi Kibwana alisukuma swichi iliyo kando ya usukani, nami nikasimama nyuma ya gari nikimwambia haziwaki. Mara tatu aliipeleka pikapu Visiga kwa fundi Adamu, na mara tatu, akifika huko jua limeshakuwa kali, kila taa iliwaka. Adamu alikuwa Mnyamwezi, mtani wetu sisi Wazaramo, basi akamwambia gari ni zima, mgonjwa ni dereva.

Jumanne alasiri nikashangaa kumwona Kibwana amerudi naye. Adamu alikuwa amefunga karakana yake ili alale kwetu. Alisema homa ya asubuhi haipimwi mchana.

Alfajiri, baridi ya Julai ikiwa bado chini ya mikorosho, alitoa balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja aliugusisha kwenye bodi la gari, wa pili kwenye waya unaoingia swichini. Balbu ikawaka. Huo wa pili akauhamishia kwenye waya unaotoka kwenda kwenye indiketa, huku Kibwana ameisukuma swichi. Balbu haikuwaka.

"Umeme unaingia, hautoki," akasema, akaanza kulegeza skrubu.

Ndani, vipande vya shaba vinavyopaswa kugusana vilikuwa vimefunikwa na utando mweupe. Akachovya kidole, akanusa, akanigeukia.

"Shemeji, humu mnakaangia samaki?"

Kibwana aliwahi kulalamika kwamba swichi ni ngumu. Tangu hapo, kila Ijumaa nikiosha gari, niliitia mafuta ya nazi niliyochemsha kwa mikono yangu, nikidhani namsaidia. Kumbe kwenye baridi yaliganda kama yanavyoganda chupani. Mchana yakayeyuka, shaba zikagusana. Nilisema yote mbele ya mume wangu, bila kujitetea.

Kibwana alinikazia macho. Adamu ndiye aliyesema.

"Usimtazame hivyo, Mzaramo. Wako anapaka mafuta mpaka gari lako. Wangu hanipaki hata mgongo."

Kibwana akacheka, nami nikapumua. Fundi akaiosha swichi kwa petroli, akaikausha kwa kitambaa, akapima tena: balbu ikawaka. Akajaribu kushoto, kulia, kisha tena pande zote mbili, taa kubwa za mbele zikiwa zimewashwa. Nikiwa nyuma ya gari nilijibu kila mara kwamba inawaka.

Saa mbili, huko Kisarawe, mkaguzi alisimama nyuma ya gari lile lile, akaona yale yale. Kibwana alitoka na leseni mfukoni, akaniambia, "Mama Sikuzani, swichi sasa laini kweli."

Adamu alikataa malipo. Kwa haki ya utani aliingia jikoni kwangu akachukua chupa nzima ya mafuta, akidai ananinyang'anya silaha.

Tangu siku ile, kila nikichemsha mafuta, chupa ya kwanza inakwenda Visiga. Anajipaka kiparani. Anasema kule hakuna waya.