Pole Tu, Mama Hope

Bagara nzima inanipa pole. Nikienda dukani, pole Mama Hope. Nikitoka kanisani, pole. Nikiuliza ya nini, mtu anaangalia viatu vyangu na kusema, "Pole tu." Sijafiwa wala sijaunguliwa nyumba. Nimepungua mwili, basi.

Nilikuwa mnene, sikatai. Nikipanda bajaji inainama upande wangu, dereva anacheka, nami nacheka ili yaishe. Nilipogundulika nina sukari, muuguzi mmoja asiyejua kubembeleza aliniuliza, "Una mtoto wa kuoza?" Nikamwambia ninaye mmoja, Hope. "Basi ukitaka kuiona harusi yake, anza na sahani yako."

Nikaanza na sahani yangu. Chai nikainywa bila sukari, uso nimeukunja kama mtoto anayenyweshwa dawa. Soda nikaiaga. Ugali nikaupunguza, nafasi yake nikajaza mboga za majani na mbaazi. Kila asubuhi nilikaanga maandazi ya kuuza na sikuonja hata moja. Mwili ukashuka taratibu, mwaka ukapita na mwingine, wala haukurudi. Na mtu asikudanganye, kupungua si kazi. Kazi ni kubaki hapo, wakati kila nyumba unayoingia wanakupakulia mlima wa wali na kununa usipoumaliza.

Kitu kimoja tu nilijiwekea. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, binti huwalisha wazazi wake keki mbele ya watu. Kipande hicho kilikuwa changu. Kila maandazi yaliponinukia vibaya, yaani vizuri mno, nilijiambia, Jovita, vumilia, chako kinakuja. Hata muuguzi nilimwambia, akacheka kwa mara ya kwanza. "Hicho kula, mama. Ulambe na vidole."

Majuma mawili kabla ya sherehe, Hope akaja kutoka Arusha. Aliniamkia, akanikumbatia, kisha akanipapasa mikono kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Mama, huwezi kunenepa kidogo kabla ya siku yenyewe?"

"Ninenepe kwa nini?"

"Mama yake Michael anauliza unaumwa nini." Michael ndiye mchumba wake. "Amesikia maneno ya huku mtaani. Wanasema una ule ugonjwa."

"Mwambie nina sukari, na nimepungua kwa sababu nakula vizuri."

"Nani ataamini, mama? Watu wakila vizuri wananenepa."

Konstantini, mume wangu, alikuwa anakoroga chai yake. Alishawahi kuniuliza swali moja tu kuhusu mwili wangu, nalo lilikuwa, "Huoni watu watasema sikulishi?"

"Nimeongea na shangazi Fausta," Hope akasema, macho kwenye meza. "Atakaa na baba meza kuu. Wewe utasimamia chakula. Si unajua wapishi wanavyoiba nyama."

Nina mdomo, Bagara wanaujua. Nilimgeukia baba yake, nikamngoja aseme neno. Akaendelea kukoroga. Hope akaanza kulia. "Wakighairi je, mama? Nakuomba." Nikameza maneno yangu yote. Hayo nayo hayanenepeshi.

Siku ikafika. Nikasimama nyuma ya sufuria la pilau, gauni langu fundi amelibana mara mbili. Kwenye sufuria la pili alikuwepo Zawadi, jirani yetu, mnono na mcheshi. Pilau ni lile lile, limepikwa na mpishi mmoja. Watu walinifikia mimi kwanza, wakaniangalia mikono, wakasogea kwa Zawadi. Wengine walinionea haya wakasema, "Pole, mama." Sufuria lake likaisha, langu halijafika nusu.

Mshereheshaji akawaita wazazi wa binti. Hope akamlisha baba yake, kisha akamgeukia Fausta, ambaye siku Hope alipozaliwa alituma salamu tu. Fausta akafumbua mdomo, machozi yakamtoka, vigelegele vikajaa ukumbi. Mama yake Michael alipiga makofi hadi kilemba kikamlegea. Mimi huku nyuma nikagundua nami nimefungua mdomo. Nikaufunga, nikatazama kama kuna aliyeniona. Hakuna aliyekuwa anatazama huku. Niliumia, na sitasema niliumia kidogo.

Wageni walipoanza kucheza, nikarudisha sufuria jikoni, Hope akanifuata huko na gauni lake jekundu kalishika juu lisiburuze. Mkononi alikuwa na tishu. Ndani yake kipande cha keki kimebondeka, sukari yake ya juu imegandia kwenye karatasi.

"Nimekuwekea, mama."

Akatazama mlangoni kwanza. Alipoona hakuna mtu, ndipo akanyoosha mkono kunilisha.

Harufu yake ilikuwa nzuri. Kwa miaka yote ile sikuwa nimetamani kitu kama nilivyokitamani kipande hicho.

"Mimi keki niliacha, mwanangu."

"Hata yangu?"

"Yako nimeiacha leo."

Mkono wake ukabaki hewani, kisha akaushusha. Aliniangalia mabega, akaniangalia mifupa ya shingo, macho yale yale ya Bagara.

"Pole, mama."

"Ya nini?" nikamwuliza, na kwake yeye nilisubiri jibu kweli.

Akaangalia viatu vyangu. "Pole tu," akasema, akarudi ukumbini.