Faili Moja kwa Mikono Mitatu

Saa mbili kasorobo asubuhi Sabra alikuwa amekwisha kufika kutoka Mikindani, amepangusa vumbi la korosho kwenye kibodi, na sasa alikuwa mlangoni akigusisha vidole kwenye mashine ya mahudhurio, kidole kimoja cha kila mkono. Mashine ilimkaribisha kwa jina mara mbili. Mara ya tatu ikaandika "Mgeni". Kila mwisho wa mwezi ofisi ilimtaka aandike maelezo kuhusu mgeni huyo, naye aliandika yaleyale ya mwezi uliopita.

Ofisi ilikuwa ya wakala mmoja wa mizigo, karibu na geti la bandari ya Mtwara. Kompyuta ya Sabra ilikuwa na programu tatu. Mizani ilipokea uzito wa magunia kutoka maghala ya Mpapura na kwingineko. Mizigo iliorodhesha makontena. Barua ilituma taarifa kwa wenye mali. Zilinunuliwa miaka tofauti na watu tofauti, na kila moja ilikuja na vitufe vyake vya mkato. Kwenye Mizani, F2 ilihifadhi. Kwenye Mizigo, F2 ilifuta. Kwenye Barua, F2 ilituma, iwe barua imekwisha au haijaisha.

Mkono wa kulia ulijifunza Mizani, wa kushoto ukajifunza Mizigo. Barua ilipoletwa, yote miwili ikagoma, na mwezi wa pili mkono wa tatu ukamwota Sabra chini ya kwapa la kushoto, kucha zake zikiwa tayari. Mama yake akaongeza mkono mmoja kwenye kila gauni. Udhu ukachukua muda zaidi kidogo. Kazini walimpongeza kwa kasi.

Lakini sasa Sabra alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Sudi, fundi majokofu wa Msimbati, hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa shangazi yake Sudi.

"Mkono wenyewe hatuukatai," alisema siku walipokula pamoja. "Tunauliza tu ni wa nani. Tangu tumekaa hapa haujashika tonge. Unabonyeza sinia."

Sabra alitazama. Ulikuwa unabonyeza sinia. Hakuwahi kuutuma hata kikombe ukatii. Ulitii Barua tu.

Kesho yake alimwendea Erasto, aliyeshughulikia kompyuta za ofisi. Hakuna aliyemfundisha kazi hiyo. Aliijua kwa kufungua vilivyoharibika na kuandika kwenye daftari alichokikuta ndani.

"Kaka Erasto, nina wiki sita. Niondolee huu mkono."

Erasto aliutazama, akaugeuza kiganja. "Mkono hauna kosa," alisema. "Kosa ni la F2."

Alikaa nyuma ya kiti cha Sabra siku nne, akiandika kila kitufe Sabra alichobonyeza na alichotaka kifanye. Siku ya tano akatengeneza faili moja la maandishi matupu, lenye safu mbili: kushoto kazi, kulia kitufe. Kila programu ingelisoma faili hilo kabla ya kufunguka, na ikiwa na kitufe cha zamani kinachopingana nalo, faili lingeshinda. Kuhifadhi kukawa F2 kila mahali. Kwa kufuta akaweka vitufe vitatu vya kubonyezwa pamoja, ili mtu asifute kwa kujikwaa.

"Na mtu akitaka cha kwake?" aliuliza Sabra.

"Nikimruhusu mmoja, nitakuwa nimeandika mafaili matatu nikayapa jina moja."

Alilijaribu kwenye kompyuta ya Sabra peke yake. Jumatatu mkono wa tatu ulikaa bila kazi. Jumatano ulikuwa kama wa mtoto wa darasa la pili. Ijumaa ulienea ndani ya kikombe cha kahawa, na Sabra alipougusa ulimshika kidole, kama ashikavyo mtoto mchanga. Jioni alimwambia mama yake ashone gauni la harusi lenye mikono miwili.

Jumatatu iliyofuata, meneja, Bi Gladness, aliitisha kikao. Kila mkuu wa kitengo alilisifu faili.

"Limechelewa hata," alisema Isaya wa Mizani. "Wote wafuate vitufe vyetu, tumalize."

"Sisi F2 ndiyo tunafutia," alisema Beatrice wa Mizigo. "Mkituhamisha tutahifadhi vitu tulivyotaka kufuta."

Joshua wa Barua aliomba F2 iendelee kutuma, kwa sababu ilikwishachapishwa kwenye bango la ukutani, na bango lilikuwa zuri.

Erasto alieleza upya mara nne, taratibu, kwa maneno yaleyale. Mara ya tano alimwomba Sabra aonyeshe mkono. Waliuangalia kwa zamu.

"Umepungua kweli," alisema Isaya. "Na kasi?"

"Ni ileile," alisema Erasto.

"Kwa mikono miwili?" aliuliza Bi Gladness. "Basi ingekuwa mitatu..." Aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Muhtasari ulisema faili limepitishwa. Kila kitengo kingeongeza humo vighairi vyake, yaani vitufe visivyofuata faili, na kighairi kikipingana na faili, kighairi kingeshinda, kwa kipindi cha mpito. Erasto aliuliza mpito unaisha lini. Ikaandikwa kwamba swali limepokelewa. Na kwa kuwa faili sasa lilikuwa waraka rasmi, ikanunuliwa programu ya nne ya kulitunza. Ndani yake, F2 ilifunga bila kuhifadhi. Kazi hiyo alipangiwa Sabra, kwa uzoefu wake.

Mkono wa tatu ulirudia ukubwa wake kwa siku nane. Mama yake alifumua gauni na kulishona upya. Sabra aliomba likizo ya harusi, akajibiwa kwa barua kwamba imeidhinishwa kwa mikono miwili.

Alhamisi alasiri, nyumbani Mikindani, alikuwa ameketi mkekani, kompyuta mpakato ikiwa imewekwa kwenye kigoda ubavuni. Mwanakombo, mpaka hina, alimaliza mkono wa kushoto, kisha akasubiri wa tatu utume barua ndipo aushike.

"Nao nipake?"

"Paka," alisema shangazi yake Sudi. "Tumeshauona, tutauficha wapi. Ila niambie, mwanangu. Kesho, ndoa ikishafungwa, Sudi akiingia kukupa mkono, ashike upi?"

"Wa kulia, Shangazi. Huo una likizo mpaka Jumatatu."

Shangazi akaitikia kwa kichwa. Mwanakombo alishika mkono wa kulia, akaunyanyua apate kuchora upande wa chini, akasimamisha mchoro. Chini ya kwapa palikuwa na kitu kidogo chenye vidole vitano vilivyokunjwa.

"Na hiki?"

Sabra aliinama kukitazama.

"Hicho ni cha faili," alisema. "Kiache kwanza, hakijaota kucha."

Mwanakombo alichota hina kidogo kwenye kibakuli kingine, akaifunika, akaiweka kando.