Damu ya Mlangoni

Assu alikuwa malenga, na hakuwahi kukaa mahali hadi mkeka ukapata joto. Bonde zima la Tizgi lililijua hilo kabla hajaoa, na Mzee Ichu alilijua vizuri kuliko wote, lakini binti yake Tuda alimpenda, basi wewe ungefanyaje? Wakaoana, Assu akahamia kwa wakwe, kwenye ile ngome yao ya udongo yenye minara minne. Theluji ilipoanza kuyeyuka na njia za juu kufunguka, akatia rababu yake ya nyuzi begani akaenda zake, yeye na mpiga dufu wake Zayd. Waliimba arusi za watu, waliimba ziara za mawalii, waliimba siku za kukata manyoya ya kondoo. Kila ngome aliyoipita alikijua kisa chake: hii ilijengwa kwa wivu, ile ilibomolewa kwa ajili ya mwanamke. Alirudi nyumbani wakati wa baridi. Kisha akawa harudi hata wakati wa baridi.

Safari hii alikuwa anarudi, tena mbio. Sokoni, upande wa pili wa mlima, muuza chumvi mmoja alikuwa akipiga porojo bila kujua yuko mbele ya nani. Ati yule binti wa Mzee Ichu kadhi kamvunjia ndoa, maana mume hajulikani yu hai au kafa. Eda imekwisha. Ijumaa anaolewa.

"Anaolewa na nani?" akauliza Assu.

"Sijui. Ila lazima atakuwa mtu anayelala kwake," akasema muuza chumvi, watu wakacheka.

Assu hakucheka. Muda wote huo aliokuwa akizurura aliamini kwamba Tuda yupo pale pale alipomwacha, anamngoja na birika la chai ya mnanaa amsimulie aliyoyaona, kwamba dunia nzima inaweza kuhama lakini yeye hawezi. Usimcheke sana kwa ujinga huo. Wanaume wengi wanao.

"Nitamwekea mzee damu," akamwambia Zayd.

Zayd alipiga mluzi. Kwa watu wa milima ile, damu si mchezo. Mtu mwenye shida iliyomshinda huenda alfajiri, kabla hajaonwa, akachinja mnyama kwenye kizingiti cha yule anayeweza kuimaliza. Damu ikishagusa kizingiti, mwenye mlango amefungwa. Atoe anachoombwa. Asipotoa, baraka inahama nyumba, maradhi yanaingia, na hakuna jirani atakayechovya mkate naye katika sahani moja. Watu wanaiogopa damu kuliko wanavyoiogopa serikali.

"Sawa, lakini kondoo yuko wapi?" akauliza Zayd. "Au utanichinja mimi?"

Assu akaitazama rababu yake. Kulikuwa na mchungaji aliyekuwa akiimezea mate miaka mingi. Jioni ile rababu ilikwenda kwa mchungaji, na kondoo dume mweupe mwenye pembe zilizojipinda akaja kwa Assu.

Wakashika njia. Sasa ungedhani mtu ambaye mkewe anaolewa Ijumaa atakwenda macho mbele. Thubutu! Walipofika kwenye magenge mekundu, Assu akasimama kutazama mbuzi-mwitu wakipanda ukuta usio na pa kukanyaga. Walipopita kwenye ngome iliyobomoka ya Bibi Hra, ambapo korongo wamejenga viota juu ya kila mnara, akapanda hadi juu kuona kama chumba chenye dari ya rangi bado kipo. Kilikuwepo. Akashuka uso umemng'aa, kisha akakumbuka anakokwenda, uso ukazimika.

"We Assu, una wazimu?" Zayd akafoka. "Kondoo mwenyewe ana haraka kuliko wewe."

"Nilikuwa naangalia tu."

"Ndivyo ulivyomwambia Tuda pia. Natoka kidogo, naangalia tu."

Na katika kijiji cha chini ya pale wakawakuta watu wanacheza ngoma ya ahidusi, safu ya wanaume na safu ya wanawake bega kwa bega, wanainama na kuinuka pamoja chini ya mijozi. Wakamtambua. Wakamwita. Aliapa hataingia. Ngoma ilipobadilika akawa yumo, na alipotoka humo siku ilikuwa imekwenda yote. Usiku hakulala. Alijigeuza huku na huku akijitukana, na hata katika kujitukana alikuwa akitunga beti.

Basi wakafika Tizgi alfajiri ya Ijumaa yenyewe, hakuna siku ya akiba. Mwanga ulikuwa ndiyo kwanza unagusa vilele. Ngome ilisimama juu ya msingi wa mawe kama zamani, isipokuwa mnara ule aliouacha umeinama sasa ulikuwa wima, na kuta zimepigwa lipu mpya ya udongo na makapi ya shayiri.

"Mzee kapata nguvu," akanong'ona Assu kwa furaha.

"Au kapata fundi," akasema Zayd. "Ngoja kwanza, tuulize mtu."

"Nikiulizia nitaonwa. Nikionwa, damu haina kazi."

Akamlaza kondoo, akasema bismillahi, akachinja. Damu ikapita juu ya kizingiti, ikaingia chini ya mlango. Assu akarudi nyuma akapiga magoti, mikono nyuma, kama inavyotakiwa. Alikuwa na hotuba yake tayari: nimekosa, baba mkwe, nimeuza rababu, sitatoka tena.

Mlango ukafunguka. Hakuwa Mzee Ichu. Alikuwa Haddu, fundi wa kuta za udongo, mtu mnene, mpole, ambaye hajavuka bonde lile tangu azaliwe. Assu aliwahi kumtungia wimbo wa kejeli, kwamba Haddu akienda kisimani humwaga machozi ya kuaga. Watu waliuimba mpaka wakachoka.

"Assu?" akasema Haddu. Kisha akaangalia chini, akaona anakanyaga nini. Akarudisha mguu haraka, lakini wapi.

"Mwite mzee," akasema Assu. "Nina shida na Mzee Ichu, si na wewe."

"Mzee Ichu yuko kule barabarani, kwenye nyumba ya matofali." Sauti ya Haddu ilikuwa ndogo. "Alichoka na ngome. Kaniuzia mimi. Mlango huu ni wangu, bwana. Hiki kizingiti nimekiweka kwa mikono yangu."

Zayd alijipiga kofi kwenye paji la uso, likasikika.

"Na leo?" Assu akauliza, ingawa alikwisha jua. "Leo kuna arusi ya nani?"

"Yangu. Mimi na Tuda."

Ndani, sauti ya mwanamke mzee iliita kuuliza nani yuko mlangoni. Haddu aliendelea kuitazama ile damu, na wote watatu walijua sheria: haijali umekosea mlango. Aliyefungwa ni mwenye mlango.

"Sema shida yako," hatimaye akasema Haddu.

Zayd akainama sikioni mwa Assu. "Omba maji. Omba kikombe cha maji, ndugu yangu, anywe kila mtu, yaishe. Mtu huyu hajakukosea."

Na ingewezekana. Sheria inaruhusu, mtu anaweza kuomba kikombe cha maji na damu ikatulia. Assu alilifikiria hilo. Aliona jinsi Haddu alivyokuwa akimtazama mdomo, akingojea neno maji. Akaona aibu. Lakini zaidi ya aibu aliona bahati, maana kama angechinja kwa Mzee Ichu, mzee angetoa ruhusa na mchumba angebaki na hasira zake, mkono kwenye jambia. Hapa mchumba mwenyewe ndiye aliyefungwa.

"Shida yangu ni Tuda," akasema.

Haddu akaketi pale pale kwenye ngazi. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

"Mama yangu yumo humu ndani, mgonjwa," akasema. "Siwezi kumweka chini ya laana. Haya. Nimekuachia." Akavuta pumzi. "Lakini nitakwenda mwenyewe kumwambia. Sitaki aambiwe na wewe."

Wakateremka hadi barabarani. Nyumba ya Mzee Ichu ilikuwa imejaa wanawake, na walipomwona bwana arusi wakapiga vigelegele. Walipomwona aliyefuata nyuma, vikawakauka kooni. Haddu akasimama uani akasema yote, kwa maneno machache. Mzee Ichu alimsikiliza, kisha akamgeukia Assu.

"Wewe ni mtu au ni upupu?" akauliza. "Unatoka wapi siku ya leo?"

"Nimekosa, baba mkwe."

"Baba mkwe yupi?"

Ndipo Tuda akatoka. Mikono yake ilikuwa imefungwa vitambaa juu ya hina, akiinyanyua mbele yake isiguse kitu. Alikonda kidogo. Assu alimwona na maneno yake yote mazuri yakayeyuka, yeye aliyekuwa akilipwa kwa maneno.

"Nimeuza rababu yangu, Tuda," ndilo pekee alilolipata. "Sitoki tena."

"Ulifanya vibaya," akasema Tuda. "Ilikuwa na sauti nzuri."

"Nakwambia nimerudi."

"Nimesikia. Wewe una wimbo wa theluji juu ya paa letu, ule unaowaliza watu. Wenye malori walikuja nao hapa, hata mimi nimelia. Lakini Assu, theluji ile ilikuwa juu ya paa la kweli. Baba hawezi kupanda ngazi. Isipoondolewa, paa la udongo linaanguka juu ya waliolala. Unajua nani alikuwa anapanda na koleo la mti kila theluji inapoanguka, anaiondoa, anashuka, anakwenda zake hata chai haombi?" Hakuelekeza kidole. Mikono yake haikuwa na nafasi. "Wewe ulimtungia wimbo wa kumcheka."

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," akasema shangazi mmoja kutoka jikoni, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Damu imekwisha mwagika, Tuda," akasema Assu. "Mimi na wewe hatuwezi kuizoa."

"Hatuwezi, kweli."

Akaingiza meno kwenye ncha ya ushungi wake, akauvuta, ukamtoka kichwani. Wanawake wakashika vinywa. Mwanamke hachinji, mwanamke akitaka kumfunga mtu, huutupa ushungi wake miguuni pa mtu huyo, mbele ya watu, na kufungwa huko kuna nguvu sawasawa na kufungwa kwa damu. Ushungi ukaangukia juu ya viatu vya Assu, vyenye vumbi la mabonde yote yale.

"Nina shida na wewe, Assu," akasema Tuda, kichwa wazi. "Mfungulie Haddu. Mrudishie neno lake, hapa hapa, kila mtu asikie."

Assu alimtazama Mzee Ichu. Alimtazama Zayd, na Zayd akainamisha macho. Mwisho akamtazama Haddu, ambaye hakuwa akimtazama mtu isipokuwa Tuda.

"Haddu," akasema, "nimekufungulia."

"Hatujasikia," akasema Mzee Ichu.

Sauti ya Assu ilikuwa ikivuka mabonde mawili bila kuchoka, na sasa haikuweza kuvuka ua. Akarudia. "Nimekufungulia. Huna deni na mimi."

Akainama, akaokota ushungi, akaukung'uta vumbi, akampa. Tuda aliupokea kwa vidole viwili ili hina isiharibike. "Ahsante," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule ulimuuma Assu kuliko yote yaliyotangulia.

Kondoo aliliwa na maskini wa bonde, maana aliyeweka damu hali nyama yake. Assu na Zayd hawakungoja. Walipanda hadi njia panda ya juu, na kutoka huko walisikia vigelegele vikianza upya. Kulikuwa na njia ya kwenda kwenye misitu ya mierezi, na ya kwenda kwenye maziwa, na ile waliyokuja nayo. Zayd alikuwa amelia njiani, na sasa alikuwa akijaribu kuchangamka.

"Haya, malenga," akasema. "Kuna arusi huko mierezini, na kule maziwani wana ngome hujaiona. Unakwenda kuona nini, halafu ukamsimulie Tu—" Akajikatiza.

Assu akafungua kinywa amtajie mahali, kama alivyofanya miaka yote, na hakuna jina lililokuja.