Kimya cha Machinjioni

Majirani walimwita Bibi Redio, maana kila alfajiri aliifungulia redio yake mpaka mwisho. Nyumba yake ilipakana na machinjio alikofanya kazi mwanawe, na vilio vya ng'ombe waliopigwa nyundo vilimkata maini; kikisikika cha kwanza tu, alivifunika kwa redio hiyo.

Asubuhi hiyo alisubiri kilio cha kwanza, hakikuja. Akahofu: machinjio yamefungwa, kijana hana kazi. Akatoka mbiombio, akamkuta mwanawe kazini na mabuti yake, nyama zimening'inia.

"Mbona kimya?"

"Nyundo tumeitupa, mama. Tazama."

Kijana akaweka kwenye paji la ng'ombe bastola isiyo na risasi, yenye chuma kinachochomoka na kurudi. Ng'ombe akaanguka kama gunia. Kijana akamgusa jicho kwa kidole.

"Angepepesa, ningempiga tena. Hapepesi. Hajui kitu." Ndipo akashika kisu.

Mama akashusha pumzi. "Na miaka yote mlikuwa mnangoja nini?" akafoka, machozi yakimlengalenga.

Nyumbani akafungua redio kwa sauti ya chini, asikilize maneno kama watu wengine. Ikakwaruza tu. Miaka yote haikuwahi kushika stesheni, naye hakuwahi kujua, maana alichotaka kwake ni kelele tu.