Tonge la Gelasius

Siku ya kwanza Gelasius alipokula kwangu, alimega tonge la ugali, akatazama mlangoni, kisha akalitia ndani ya shati. Sahani ilikuwa bado imejaa. Nikajifanya sikuona.

Mwaka ule wa hamsini na sita alikuwa ametoka jela mara ya pili kwa kuiba asali, na jumbe alishaapa: akiiba tena, atamfukuza, na kijiji chetu cha Magamba atakisikia kwa jina tu. Mimi mjane, mizinga ya marehemu ikinisubiri mitini, na wanaume wenye heshima zao wote walikuwa na magoti mabovu. Nikamwomba Gelasius. Shemeji yangu Severini akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia apande yeye. Akakohoa.

Gelasius alilelewa na baba mdogo aliyemchapa kwa mkanda na kumlaza nje na njaa. Alianza kupandia mizinga ya watu akiwa na miaka saba. Asali ya wizi ndiyo iliyomkuza. Sisi majirani tulimsikia akilia, tukaendelea kutwanga. Mpaka leo naona aibu.

Basi akapanda, kienge cha moshi mkononi, akiimba vibaya hadi nikawahurumia nyuki. Vilindo vyangu, vile vyombo vya magome vya kutilia asali, vikashuka vimejaa, na akawaachia nyuki masega yao kama mrinaji mwenye adabu. Msimu mzima akarina, na msimu mzima matonge yakaingia shatini. Nilipolifua nilikung'uta makombo, kuku wakanenepa.

Ukabaki mzinga wa mwisho, mwendo wa nusu siku porini. Akaenda peke yake. Siku ya pili, alasiri, hajarudi. Severini akaja na fimbo, amefurahi kama mtu wa harusi, akasema twende kwa jumbe. Nikamwambia akae. Moyo wangu wenyewe haukukaa.

Jua likiwa bado juu ya miti, Gelasius akatokea, uso umevimba kama boga, kilindo kimejaa mpaka kifunikoni. Nyuki walimfumba macho, akangoja porini hadi yafunguke.

Nikampakulia. Akala polepole, bila kutazama mlango. Katikati akaisogeza sahani.

“Mama, nifunikie hiki. Nitakula kesho.”

Nikafunika kwa ungo, nikageuka kidogo nipanguse macho. Nilipogeuka tena, mkono wa Severini ulikuwa chini ya ungo.

Nikauchapa kofi.

“Shemeji, hicho kina mwenyewe.”