Geji Ishirini na Funguo Sita

"Wewe ndiye mwizi," Laurean aliniambia. "Panda ngazi taratibu."

Nilikuwa na kapu la nguo mikononi. Mume wangu alisimama mlangoni mwa chumba chetu, kaptula na soksi, ameegemeza fagio begani kama bunduki, jicho moja amelifumba. Nilipanda. Nilipofika juu akasema "Pa!" kisha akapima kwa hatua kutoka mlangoni hadi tumboni mwangu. Nane.

"Kwa hatua nane marisau, zile gololi za risasi, hayajatawanyika," alisema. "Yanakuja kama ngumi."

"Na yakinikosa?"

"Hayakukosi."

"Laurean, nyuma yangu kuna nini?"

Akatazama. Kulikuwa na ukuta wa jasi ambao ningeweza kuutoboa kwa mpini wa fagio hilohilo, na nyuma ya ukuta huo kitanda cha Anitha, binti yetu wa miaka kumi na tatu.

"Basi tutanunua marisau madogo," alisema.

Hayo ni ya miaka mitatu iliyopita, hapa Manassas, ughaibuni. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilikuwa imevunjwa na wezi Jumanne saa tano asubuhi, wenyewe wakiwa kazini. Tangu siku hiyo Laurean, anayepakia mizigo ya ndege usiku na kulala mchana, aliacha kulala. Alitazama video. Chakula cha jioni kikawa bunduki: geji kumi na mbili, geji ishirini, yaani upana wa mtutu, na urefu wake. Anitha alivaa vipokea sauti masikioni akala wali wake kimya. Mimi sikuwa na vipokea sauti.

Nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Nilichofundishwa cha maana ni kimoja: kabla hujauliza kitu kikoje, uliza kitatumiwa wapi, na nani, dhidi ya nini. Kwa hiyo Jumamosi nilipanda gari pamoja naye kwenda duka la bunduki. Nilijua nikimwacha peke yake atarudi na kitu cha kuulia nyati.

Muuzaji aliitwa Cheryl, mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi. Alimsikiliza Laurean hadi mwisho, kisha akanikabidhi mimi ile ya geji kumi na mbili, tupu. Bega langu lilijikunja kabla sijaiegemeza.

"Hiyo inapiga teke," alisema. "Ukiogopa teke unafumba macho. Ukifumba macho hujui umempiga nani. Ishirini ni ndogo, inawatosha."

"Na risasi?" Laurean aliuliza.

Cheryl alipanga maboksi mawili kwenye kaunta. "Marisau haya madogo ni ya kuwindia ndege, hayamsimamishi mtu kwa uhakika. Haya makubwa ni ya kuwindia paa. Yanamsimamisha, ila yanaweza kuendelea na safari."

"Hakuna yanayomsimamisha mtu halafu yakaheshimu ukuta?" niliuliza.

"Ningekuwa nayo ningeshastaafu." Akavaa miwani. "Ninyi mko wangapi nyumbani?"

"Watatu," alisema Laurean.

"Wanne," nilisema. "Anysie, dada yetu wa kanisani, anakaa chumba cha chini."

"Na nani wengine wana funguo?"

Wenzetu wa kanisani wanaohudumia wazee majumbani, wanaoishi mbali, Adelphi na ng'ambo ya mto huko, tuliwapa funguo wapumzike kati ya zamu. Kwetu hilo si jambo la kukaliwa kikao. Nilihesabu kwa vidole, mkono mmoja ukaisha.

"Sita," nilisema. "Zilizo nje ya familia."

"Wanaingiaje? Wanapiga kengele?"

Kwenye mlango wetu wa nyuma palikuwa na karatasi, mwandiko wangu, wino mwekundu: USIPIGE HODI. VUA VIATU. WATU WAMELALA. Niliibandika mwenyewe kwa ajili ya Laurean. Niliwagombeza wawili watatu hadi wakashika. Wakajifunza kufungua kitasa bila mlio, kutowasha taa, kutembea peku. Nilikuwa nimewafundisha watu sita kuingia kwangu kama wezi.

"Wanaingia kimyakimya," nilimwambia Cheryl.

Alichukua bunduki akairudisha ukutani. "Jumamosi ijayo bado itakuwepo. Kwanza shughulikieni mlango."

Tulipofika barabara kuu Laurean, amenuna, alisema: "Wazirudishe funguo, basi."

"Anysie alale wapi? Kwenye basi?"

"Sijasema Anysie!"

"Umesema wazirudishe. Anysie si mtu?"

Karatasi hatukuiondoa. Kila mmoja alingoja mwenzake aiondoe. Ndivyo tulivyogombana wiki ile.

Alhamisi mchana nilikuwa na mapumziko, nikawa chumbani kwa Anitha nakunja nguo zake. Anysie, mwenyeji wa Bujumbura, alikuwa arudi Ijumaa, lakini bibi anayemhudumia alipelekwa hospitali, na Anysie akaruhusiwa kurudi mapema. Sikumsikia akiingia. Hakuna aliyepaswa kumsikia. Alipanda juu kurudisha pasi yangu ya nguo.

Nilisikia sauti ya Laurean, nzito, ya mtu aliyeamka vibaya: "Simama hapo!"

Nilifungua mlango. Mume wangu alikuwa mlangoni mwake, fagio begani. Hatua nane mbele yake, kati yake na mimi, Anysie alikuwa tayari amelala kifudifudi. Alikuwa ameisukuma pasi mbali naye, mikono ameinyoosha, viganja juu, shavu kwenye zulia. Alijua pa kuweka kila kiungo. Haikuwa mara yake ya kwanza kufanya vile.

"Ni fagio, Anysie," Laurean alisema. "Tazama. Ni fagio tu."

Hakuinuka. Laurean aliketi sakafuni, akalisukuma fagio kwake hadi likamgusa vidole. Ndipo Anysie akalitazama.

Nilitaka kumgombeza mtu. Nilitazama huku na huku, nikashuka kuchana karatasi.

Jumamosi hatukwenda popote. Niliandika karatasi nyingine: PIGA HODI, SUBIRI UITIKIWE. Tangu hapo hakuna anayelala vizuri kwetu. Hodi asubuhi, hodi mchana, na Laurean anaitika "Karibu!" kutoka usingizini kwa sauti ya mtu anayetukana, kisha anakoroma. Geji hajaitaja tena.

Januari iliyofuata nilirudi kutoka sokoni, baridi ya kukata masikio, mifuko mikono yote. Anysie alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, theluji kwenye kofia, ufunguo mkononi. Laurean alikuwa ameitwa kazini mapema, Anitha shuleni.

"Uko hapa tangu saa ngapi?"

"Si sana."

"Ufunguo unao! Ungefungua!"

"Hamukuitika, dada."

Ikabidi nimpite, nifungue, niingie na mifuko yangu hadi jikoni, niiweke chini, nigeuke.

"Hodi," alisema.

"Karibu," nilisema. "Karibu, ingia."