Sufuria za Hasida

Jina la kikundi alilitafuta Eugenia mwenyewe kwenye simu, maana yeye ndiye katibu, na katibu ndiye mwenye macho ya kusoma maandishi madogo. Hasida: Kiebrania, mwenye fadhili. Akina mama wa Kihaya kutoka Kagera waishio Igoma wakapiga vigelegele. Wakashona vitenge vya jina hilo, wakaandika HASIDA kwa rangi nyekundu kwenye sufuria zao tano za misiba, zile kubwa za kulisha watu mia, wakazifungia stoo. Ufunguo akakabidhiwa Eugenia.

Jumamosi moja wakamwalika Rwegasira, mchungaji mstaafu, aje nyumbani kwa Eugenia aziombee. Asubuhi hiyohiyo Selina, Msukuma anayepakana ukuta na Eugenia, alikuwa amefiwa na mama yake. Ndugu wako njiani kutoka Usagara, lori zima, na ndani kwake sufuria kubwa kuliko zote ni ya watu sita. Akaja kuazima. Huyu ndiye aliyemchotea Eugenia maji na kumfulia wiki tatu alipofanyiwa upasuaji, tena bila kuombwa. Sasa amesimama mlangoni, macho mekundu, na Eugenia anamjibu, "Ngoja niwaulize wenzangu." Aliona haya, haya kwelikweli.

Akawauliza. Ma Kokulinda, mwenyekiti, hakuhitaji hata kufikiri.

"Pole yake. Ila katiba ni katiba, sufuria ni za Wahaya. Tukianza na mmoja, mtaa mzima utapanga foleni. Mchungaji, karibu utuombee."

Mchungaji akazikodolea macho sufuria zilizotolewa stoo, akacheka mpaka miwani ikamteleza.

"Waitu! Jamani, nani kawapa jina hili?"

"Maana yake mwenye fadhili," Eugenia akasema haraka.

"Kweli, linatoka kwenye hesed, yaani fadhili. Lakini hasida mwenyewe ni ndege. Korongo. Fungueni Walawi kumi na moja, mtamkuta kwenye orodha ya najisi, pamoja na popo."

Kila mmoja aliwaona kichwani wale makorongo wenye upara wanaosimama jalalani wakisubiri matumbo ya samaki.

"Mwenye fadhili, halafu najisi?" Ma Kokulinda akauliza. "Inakuwaje?"

"Walimu wa Kiyahudi nao waliuliza. Wa kale wakasema kaitwa hasida kwa sababu huwagawia wenzake chakula. Wa baadaye wakaongeza: basi ndiyo maana ni najisi. Huwagawia wenzake tu."

Hapo ungedhani wameelewa. Thubutu! Walibishana saa nzima, na hoja ilikuwa moja: nani atavaa kanisani kitenge chenye jina la ndege wa jalalani? Kilio cha kwa Selina kilikuwa kinaingia dirishani, wakafunga dirisha ili wasikilizane. Mwishowe Ma Kokulinda akagonga meza.

"Kuanzia leo hakuna Hasida. Tumelifuta. Sisi ni Kikundi cha Upendo. Katibu, andika."

Eugenia akaandika, neno kwa neno, akawapitishia karatasi wote wakasaini. Mchungaji akaaga. Sufuria hakuziombea, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Saa nane mchana akina mama wa Upendo wakaenda kumpa Selina pole, maana msiba wa jirani haurukwi. Wakakuta mioto mitano inawaka uani, na juu ya kila mmoja sufuria yenye maandishi mekundu. Eugenia alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anasonga ugali, jasho linamtoka.

"We Eugenia!" Ma Kokulinda akanong'ona. "Sufuria za nani hizi?"

"Si unasoma, Ma? Za Hasida."

"Ni zetu!"

"Zenu? Ninyi ni Upendo. Hasida mlilifuta asubuhi, karatasi ninayo, saini yako ya kwanza."

Selina alikuwa ameketi mkekani na ndugu zake. Akainua uso.

"Ma Kokulinda, Mungu awabariki. Nilidhani ninyi ni Wahaya na sisi ni sisi. Kumbe mnatuhesabu wenzenu."

Ma Kokulinda akatazama lori la watu wa Usagara, watoto na wazee, wote wakimtazama yeye. Kisha akavua saa ya mkononi, akaitia kwenye mkoba.

"Lete mwiko," akamwambia Eugenia. "Unausonga vibaya."